Laptopu inasema maji yamekupwa, Pi inasema mita 24, na programu ni ile ile

mwana_wa_mkomani

Assalaam aleikum jamani, na wengine wote habari za saa hizi. Naomba msaada wenu maana nshakesha siku mbili na hili jambo na sioni pa kulishika.

Iko hivi. Mi niko Lamu, na ami yangu ni nahodha wa boti ya abiria na mizigo, njia yake ni Faza na Kizingitini. Wanaoijua njia hiyo wanajua ukienda kwa ndani lazima upite Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda bila maji haupitiki, utakaa juu ya mchanga wewe na abiria wako na magunia yao ya unga mpaka maji yarudi. Ami mwenyewe anahesabu maji kwa mwezi kama walivyohesabu waliomfunza, hanihitaji mimi kwa hilo, lakini ana vijana wawili ambao bado wanajifunza kazi, ndo akaniambia wewe uliyesoma kompyuta watengenezee hawa kitu cha kuwaonyesha saa hii maji yako wapi. Nikasema inshallah, na nikaifanya kwa moyo wote kwa sababu yeye ndo alonilipia karo.

Nikachukua jedwali la maji lililochapishwa. Jedwali linakupa saa za kujaa na kupwa na vimo vyake tu, hapo katikati nikajaza mwenyewe kila saa kwa hesabu ya kosaini. Vimo nikaviweka kwa desimita. Halafu kila kimo nikatoa usawa wa kati, kwangu mimi ni 19, kwa hivo maji yakiwa nusu skrini inaandika sufuri, yakijaa inaandika chanya, yakikupwa inaandika hasi. Nilifanya hivo makusudi, ami hasemi mita, yeye husema nusu ya maji, yamepita nusu, hayajafika nusu, nami nikataka skrini iseme kama yeye.

Programu ni ya lugha ya C, na mistari yenye maana ni hii mitatu (char ni nafasi ya baiti moja):

    char maji[24];
    maji[saa] = kimo - wastani;
    printf("%d\n", maji[saa]);

Kuonyesha kwenye skrini nagawa kwa kumi ili iwe mita, basi.

Kwenye laptopu yangu, Intel ya zamani, ilikwenda wiki tatu haikukosea hata mara moja. Nikaihamishia kwenye Raspberry Pi Zero, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye skrini ndogo, nikaikompaili pale pale kwa kompaila ya gcc, -Wall ile flagi ya maonyo nimeiweka, haikulalamika hata neno. Nikampelekea ami.

Juzi mwezi ulikuwa kumi na tano, bamvua lenyewe, yale maji makubwa ya mwezi mpevu. Saa nne asubuhi maji yamekupwa kabisa, mbele ya gati mashua zimelala ubavu, watoto wanacheza mpira pale ambapo jioni yake ungeogelea. Na saa hiyo hiyo skrini inaandika 24.1. Mita ishirini na nne juu ya nusu ya maji, ingekuwa kweli mji wote ungefunikwa. Kijana mmoja akaiangalia akauliza, basi tung'oe nanga? Ami akaitazama skrini, akaitazama bahari, akaniambia pole pole, "Mita ishirini na nne hapa zi wapi, mwanangu?" kisha akaenda zake kunywa kahawa. Hakunikemea, na afadhali angenikemea. Kinachoniuma zaidi ni yule kijana, yeye aliiamini.

Nilivyojaribu: nimeondoa -O2 nikaweka -O0, yaani kompaila isiharakishe chochote, vile vile. Nimebadilisha memori kadi, vile vile. Nikadhani ni umeme maana ulikatika mara mbili usiku ule, nikaiunga kwenye betri, vile vile. Mwisho nikachapisha kila kitu: kimo ni 4, wastani ni 19, tofauti yake nikiiweka kwenye int, ile nambari kamili ya kawaida ya C, ni -15 sawa sawa, ikiingia tu kwenye maji[saa] ikitoka ni 241. Na jioni maji yakijaa inasema 15, yaani mita moja na nusu, sahihi kabisa. Nusu ya siku inasema kweli na nusu ya siku haisemi kweli. Je gcc ya Pi ni mbovu? Niweke kompaila nyingine?

kaskazi_na_kusi

Waaleikum salaam. Usiweke nyingine ndugu yangu, gcc haina kosa na Pi haina kosa.

Chukua 256 utoe 15 utapata 241. Baiti iliyomo ndani ni moja kote kuwili, 11110001. Laptopu inaisoma kama nambari yenye alama, ile biti ya kwanza kushoto kazi yake ni kuonyesha hasi, kwa hivo inapata -15. Pi inaisoma kama nambari isiyo na alama, ile biti ya kushoto kwake ni 128 inajumlishwa na zenzake, inapata 241. Na ndo maana maji yakijaa huoni tofauti yoyote, 15 biti yake ya kushoto ni sufuri, wote wawili wanaisoma sawa.

Sasa kwa nini wasome tofauti. Hili wengi hatufundishwi, mimi mwenyewe nimelijua baada ya miaka kazini. Kwenye C kuna signed char, kuna unsigned char, halafu kuna char tupu, na hiyo tupu ni aina ya tatu mbali, standadi ya 1989 ilimwachia mwenye kompaila aamue iwe na alama au isiwe nayo, mradi aandike wazi alichoamua. Waliiacha hivo kwa sababu mashine zilikuwa zishatofautiana zamani. C ilikulia Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dennis Ritchie ndo mwenyewe, juu ya PDP-11, na PDP-11 ukipeleka baiti kwenye rejista, kile kihifadhi kidogo ndani ya prosesa, inaivuta na alama yake, hasi ikabaki hasi, basi char ya pale ikawa na alama. Mashine nyingine zikijaza sufuri huko juu. Ungewalazimisha wote wafuate moja, nusu yao programu zingekwenda taratibu bila sababu.

Ukija kwenye ARM, aina ya prosesa iliyomo kwenye Pi yako, prosesa zake za mwanzo zilikuwa na amri ya kusoma baiti inayoitwa LDRB na yenyewe hujaza sufuri. Amri ya kusoma baiti ikaivuta na alama, LDRSB, ilikuja baadaye na ARMv4. Kabla ya hapo kompaila ikitaka char yenye alama ingebidi iongeze amri za kusukuma biti kushoto kisha kuzirudisha kulia, kila inaposoma herufi moja. Kwa hivo wakachagua isiyo na alama, na Linux ya ARM imebaki nayo mpaka leo ingawa sababu yenyewe ilishaondoka. Na usije ukakariri kwamba ARM zote ni hivo, Mac za sasa nazo ni ARM lakini Apple wamechagua char yenye alama, kwa hivo mwenzako mwenye Mac atakuapia kwamba programu yako ni nzima.

Ukitaka kuliona kosa bila kutoka nyumbani, kompaili kwenye laptopu hivi:

    gcc -Wall -Wextra -funsigned-char maji.c

Intel yako itaandika 241 mbele ya macho yako. Na kwenye Pi ukiweka -fsigned-char itaandika -15. Lakini hiyo -fsigned-char ni kiraka, siku moja mwingine ataikompaili bila hiyo flagi na boti iko njiani. Dawa ni kuandika unachotaka. Weka stdint.h, ipo tangu C99, na uandike int8_t badala ya char. Hiyo ina alama popote utakapoipeleka, inabeba kuanzia -128 mpaka 127, kwa desimita ni mita 12 na zaidi juu na chini, pwani yetu haifiki huko.

Swali dogo tu: baiti 24 unazibania nini? Pi Zero ina megabaiti 512. Andika int ulale.

nyoka_wa_kijani

Mi nakubali yote alosema hapo juu lakini kwani lazima C? Python iko tayari kwenye Pi, -15 ni -15 uende nayo popote. Ama kama wataka kasi chukua Rust, pale unaandika i8 yenye alama au u8 isiyo nayo, hakuna aina ya tatu ya kubahatisha. Kitu ambacho watu watakitegemea baharini mi singekiweka kwenye lugha inayoniachia mwanya wa hivo.

mwana_wa_mkomani

Allahu akbar, nimejaribu -funsigned-char kwenye laptopu sasa hivi na 241 hiyo hapo! Siku mbili nzima nalaumu umeme. Shukran sana kaka.

Kuhusu int na kuhusu Python nawajibu pamoja. Pi ni ya kujaribia tu. Ndani ya boti umeme ni wa betri ya injini na ami hataki kitu kiibebe betri yake usiku kucha, kwa hivo nia yangu ni kuihamishia kwenye bodi ndogo zaidi isiyo na Linux, ya betri zake mwenyewe, na memori pale ni kilobaiti chache. Jedwali la mwaka mzima ni vimo 8,760, kwa int ya baiti nne ni kilobaiti 34 na ushee, kwa baiti moja moja ni kilobaiti 9 hivi. Ndo maana nilibana tangu mwanzo. Rust nimeisikia sana nataka kuisoma, ila hii kazi ami anaingoja.

Lakini nina swali. Mimi niliweka -Wall nikiamini "all" ni yote. Kwa nini haikunambia?

kaskazi_na_kusi

Haya, kwa kilobaiti hizo baiti moja ina sababu, naondoa neno langu la int.

-Wall si maonyo yote, ni yale wanayoona karibu kila mtu atayataka. Kuna -Wextra inaongeza mengine, na mojawapo ni -Wtype-limits, hiyo hukwambia unapolinganisha kitu kwa namna ambayo jibu lake haliwezi kubadilika. Una mahali umeandika kama maji ni chini ya sufuri basi fanya kitu?

mwana_wa_mkomani

Ipo! Skrini inakuwa nyekundu maji yakiwa chini ya nusu:

    if (maji[saa] < 0) rangi = NYEKUNDU;

Na sasa nakumbuka, juzi skrini ilikuwa kijani saa nne asubuhi. Kijani, mashua zote zimelala.

kaskazi_na_kusi

Ndo hapo. Kompaili hiyo kwenye Pi na -Wextra, itakwambia kwamba ulinganisho huo daima si kweli kwa sababu ya mipaka ya aina. Kwenye laptopu haitasema kitu maana pale ulinganisho una maana. Kwa hivo onyo lenyewe ungelipata Pi peke yake, na ndo sababu mimi kila kazi ya ARM naikompaili kote kuwili na nasoma maonyo ya kote kuwili, hata nikiwa na haraka.

Halafu nikwambie na hili mapema kabla hujapoteza siku nyingine. Vimo unavisoma kutoka kwenye faili? Kama umeandika char c halafu while ((c = getchar()) != EOF), hapo kuna mtego wa aina ile ile. getchar husoma herufi moja moja, na EOF ndo alama ya mwisho wa faili. EOF ni hasi, kwa gcc ya Linux ni -1. Kwenye Pi char haiwezi kuwa hasi, itakuwa 255, haitalingana na EOF milele, programu itazunguka humo humo mpaka uichomoe. Kwenye Intel nako si salama, baiti halali yenye 255 ndani ya faili itadhaniwa ndo mwisho na utapoteza kilichobaki. getchar inarudisha int, nawe pokea kwa int.

dada_wa_maweni

Habari zenu ndugu zangu. Mi niko Malindi, nasoma hapa watoto wameshalala, na hii hadithi imenigusa maana yangu ilikuwa jirani yake, ila yangu mimi kompaila ndo ilifuta mstari wangu na ilikuwa na haki ya kuufuta.

Nilimwandikia mwenye duka la jumla programu ya hesabu, nafaka, sukari, mafuta, anauza mpaka vijijini. Hela nikaziweka kwa senti kwenye int ili nisipoteze senti kwenye desimali. Int ya biti 32 mwisho wake ni 2,147,483,647, ukigawa kwa mia ni shilingi milioni 21 na laki nne na ushee. Nilijua hilo, sikuwa mjinga wa hilo, nikaweka ulinzi:

    if (jumla + kiasi < jumla) simamisha();

Nikawaza ikifurika itageuka hasi na ulinzi utaidaka. Nikaijaribu kwenye mashine yangu bila optimaizesheni, ikadaka. Nikampelekea iliyokompailiwa na -O2. Kufika mwezi wa tisa jumla yake ya mwaka ikapita milioni 21, na asubuhi moja akafungua akaona duka lake lina hasi ya milioni 21. Mzee wa watu alikaa kwenye kiti akanyamaza. Alidhani ameibiwa.

Kumbe kwenye C kufurika kwa nambari yenye alama ni jambo ambalo standadi inasema halina maana yoyote, na kompaila inaruhusiwa kudhani kwamba halitokei kamwe. Kwa hivo gcc ikiangalia jumla + kiasi < jumla inasema, kama hakuna kufurika basi hii ni sawa na kuuliza tu kama kiasi ni chini ya sufuri, na mauzo si hasi, ulinzi wangu ukawa haudaki kitu. Kuna -fwrapv ukitaka nambari zizunguke kama mita ya gari, lakini mimi nilibadilisha zote zikawa int64_t, na ulinzi nikauandika kabla ya kujumlisha si baada, unauliza kama kiasi ni zaidi ya nafasi iliyobaki. Tangu siku hiyo kila kitu kabla hakijatoka mkononi mwangu nakipitisha na -fsanitize=undefined, inakwambia mstari gani umefurika. Ila kwa hii ya kaka wa Mkomani hiyo isingesaidia, maana char yake si kosa kwenye standadi, ni chaguo. Ndo ubaya wake, inapita kila mlango.

Na ombi. Babangu na wenzake wanavua pweza. Hao hawangoji maji kujaa kama boti yenu, wao wanangoja hiyo hasi yako, bamvua likikupwa ndo wanashuka mwambani na mikuki, na ukikosea saa moja unarudi maji yako kifuani. Ukimaliza nitumie, vimo vya Malindi nitaviingiza mwenyewe. Lakini naomba kwenye skrini uandike neno, "yakupwa" au "yajaa", si nambari peke yake. Babangu nambari hasi hazimwambii kitu.

mwana_wa_mkomani

Dada pole sana na huyo mzee wa duka. Neno nitaliweka, na ni kweli, hata wale vijana wa ami watalisoma haraka zaidi. Programu nitakutumia yote na faili zake.

Na kaka kaskazi, nimepekua. getchar ninayo, na niliipokea kwa char. Ilikuwa haijaniuma bado kwa sababu vimo vya kujaribia niliviandika ndani ya programu yenyewe, ile ya kusoma faili nilikuwa niiwashe wiki ijayo. Ingezunguka humo na skrini ingebaki na kimo cha jana. Nimetafuta neno char kwenye faili zote nimekuta mahali kumi na moja, saba ni maandishi tu hayana neno, manne nimebadilisha.

wa_ngomeni

Nimesoma yote na nasema machache. Mimi ni wa Ngomeni, minara ya San Marco iliyosimama baharini naiona tangu utoto, pale ndipo Waitaliano walikuwa wakirushia setilaiti. Ile inayoitwa Uhuru, ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya X angani, iliondokea pale tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya Uhuru, ndo jina likatoka hapo. Kwa ajili ya minara hiyo nikapenda roketi na kwa ajili ya roketi nikasoma kompyuta.

Sasa tazameni Ariane 5 ya kwanza, 4 Juni 1996, kutoka Kourou huko Guyana ya Ufaransa. Haikumaliza dakika moja ikavunjika angani. Ndani yake nambari ya desimali ya biti 64 ililazimishwa iingie kwenye nambari kamili ya biti 16 yenye alama na haikuenea. Kipande hicho cha programu kilitoka Ariane 4, hakikuguswa, na kwa Ariane 4 kilikuwa sahihi miaka yote, kwa sababu roketi ile haikuwa ikifikia mwendo wa kuijaza nambari hiyo. Mashine mpya ndo ilifikia. Na hiyo ilikuwa Ada, si C, kwa hivo kaka wa Rust nakuheshimu lakini lugha peke yake haitoshi.

Kwa hivo kaka wa Lamu naomba ukimaliza usipime kwenye laptopu wala kwenye Pi mezani. Pima majini, saa ya kupwa.

nyoka_wa_kijani

Hapo kwenye Ariane nimekuelewa.

mwana_wa_mkomani

Nimerudi. Jana nilibadilisha zote, int8_t kwenye jedwali, int kwenye getchar, nikakompaili kote kuwili na -Wall -Wextra. Pi ikatoa onyo moja ambalo laptopu haikulitoa, kwenye faili ya rangi, bado kulikuwa na char moja niliyoiruka. Nimeitoa. Kimya kote kuwili.

Leo mwezi kumi na nane, kupwa ilikuwa karibu saa sita mchana. Nilimfuata ami nyumbani, mama mdogo akanilazimisha mahamri na mbaazi kwanza, tukashuka gatini na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua. Ami ana alama yake ya chokaa kwenye nguzo, hiyo ndo nusu ya maji kwake, aliipiga mwenyewe zamani. Akamwambia yule kijana, yule aliyeuliza tung'oe nanga, asome skrini kwa sauti. Skrini nyekundu, imeandika "yakupwa" na chini yake -1.4. Ami akashusha upondo kutoka alama ya chokaa mpaka uso wa maji, akabana kwa kidole, tukapima kwa futi ya fundi. Mita moja na sentimita 36. Nilipima tena mwenyewe mara mbili.

Ami akamuuliza kijana, "Sasa twaweza kwenda?" Kijana akatazama bahari kwanza, kisha skrini, akasema hapana, mpaka alasiri. Ami akanirudishia upondo akasema, "Basi wataka kuniandikia na kaskazi ikivuma?" maana kaskazi ikikaza maji hayaji sawa na jedwali, upepo unayasukuma. Nimemwambia hilo sijui bado, nitaanza kuandika kila siku kipimo cha upondo na upepo wa siku hiyo kwenye daftari, tuone baada ya msimu.

Dada wa Maweni, faili nimeshakutumia, vimo vya Malindi viweke kwenye faili inayoitwa vimo, desimita, kujaa na kupwa tu, programu itajaza katikati. Badilisha na hiyo 19 yangu, uweke usawa wa kati wa kwenu. Siku ya kwanza baba asishuke nayo mwambani, apime kwanza pwani kama tulivyopima sisi.

Sasa hivi ni saa kumi kasoro, maji yamefika kwenye chokaa na ami ananiita, leo naenda nao mpaka Faza.